Mifuo ya Majembe na Bwana Aliyetafuta Barafu

Ulikuwa ule mwaka tuliokula yanga. Ukimwambia hivyo mtu wa rika langu hahitaji tarakimu, anakunja pua tu. Yale mahindi ya njano kutoka ng'ambo, yaliyokuja kwenye magunia yenye maandishi ambayo hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeweza kuyasoma. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na ladha ya gunia lenyewe. Mvua zilikuwa zimetutupa, na viazi vya kule Shume viliungua majani kwa umande ulioganda, asubuhi moja tu, shamba zima jeusi. Njaa haikuua mtu kwetu. Ilitununisha tu. Mkubwa ananuna, mdogo ananuna, hata kuku wananuna. Na mimi, kusema kweli, nina habari za mwaka ule ambazo mpaka leo nikizikumbuka nanuna upya.

Nimezikumbuka juzi, mafundi wa barabara walipokuwa wanapasua jiwe kwenye kona ya kushukia Malindi, ile ya kwetu milimani. Harufu ya jiwe lililopasuliwa mnaijua? Kama kiberiti kilichozimwa kwa mate. Nikasimama pale na mzigo wangu wa kabichi kichwani, nikavuta pumzi. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, twende. Mawe hayanuki." Hayanuki! Mtu ambaye hajawahi kusaga chakula chake kwa mikono ndiye atakayekuambia mawe hayanuki.

Sisi tulisaga juu ya mwamba. Yanga ilikuja punje nzima, ngumu kama risasi, na mashine ya kijiji ilikuwa imelala kwa kukosa dizeli. Basi wanawake wakarudi kwenye mawe kama mabibi zao. Nyuma ya nyumba ya bibi yangu mzaa baba, pale mgomba wa mwisho unapoishia, kulikuwa na mwamba mkubwa umelala ubavu kama ng'ombe. Mweusi, wenye chembe nyekundu ndani yake kama punje za komamanga, na chembe hizo ndizo zilizokuwa zinang'ata mahindi. Chini palikuwa na mabakuli matatu ya mwamba wenyewe, yaliyolika kwa kusagia. Nyumba saba zilikuja kusaga kwetu. Kelele yake, nyie! Kuanzia jogoo mpaka jua kali, kwaru kwaru kwaru, na juu yake wanawake wanatukana yanga, wanatukana mashine, wanamtukana aliyeileta mashine.

Juu ya mabakuli mwamba ulipanda kwa mteremko, uso laini, na kwenye uso ule ndiko kulikuwa na mifuo, michirizi iliyozama ndani ya jiwe. Mifuo kumi, imenyooka, kila mmoja unashuka kutoka juu kwenda chini, imepangana kama mistari ya daftari. Kwa desturi ya nyumba ile, mke akiletwa, huja na jembe kutoka kwao. Siku ya tatu mama mkwe humpeleka mwambani, naye hulinoa jembe lake kwa mara ya kwanza mahali ambapo hakuna aliyenoa. Kuanzia hapo mahali pale ni pake. Atanoa hapo jembe, mundu na kisu mpaka afe, na hatanoa kwenye mfuo wa mwingine. Na kunoa ni kushuka tu. Hakuna kupandisha. Ukipandisha unairudisha riziki ulikoitoa, walisema, na ukiwauliza riziki imetoka wapi, unapigwa kofi.

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la tatu, meno ya mbele yamekwisha kuota yote, nikajiona mtu. Mama yangu alikuwa amekwenda kwao kujifungua, baba yuko kwenye mkonge kule Mazinde. Kazi za mama zote zikaniangukia mimi: kuchota, kusaga, kukata majani ya mbuzi. Bibi akaniambia ninoe mundu kwenye mfuo wa mama, kwa sababu mimi ni mikono ya mama. Nikachukia. Mikono ya mama! Mikono iliyotoka malengelenge ilikuwa ni yangu. Basi siku ya gunia la kwanza la yanga, bibi akiwa kwenye foleni, nikaenda pembeni kabisa, kushoto kwa mfuo wa mama, nikaanza wa kwangu.

Wenzangu mnaojua mambo ya zamani mmeshashika vichwa. Msichana asiyeolewa, kujichorea mfuo! Ni sawa na kujitolea posa. Nilijua. Ndiyo maana kila nikimaliza kunoa niliupaka matope, nikapachika na kuvu juu yake, ukaonekana kama uchafu wa mvua. Siku kwa siku, mundu kwa mundu, mfuo ukazama. Na kila siku nikaupaka.

Ndipo akaja yule bwana.

Alikuja na Landrova ya serikali mpaka barabara ilipomshinda, akapanda kwa miguu na viatu vya kubana. Kijana wa Kitanzania, msafi, amesoma mpaka Ulaya, na nyundo kiunoni. Watu walidhani ni Bwana Shamba mpya. Waliposikia anauliza habari za miamba wakamwita Bwana Mawe, na jina likamganda. Mwenyekiti wa kijiji alimtangulia akifagia matawi njiani kwa mkono, kama anamwingiza bwana harusi.

"Shikamoo, bibi," Bwana Mawe alisema.

"Marahaba. Onga mshi," bibi akamjibu, akimwongezea na salamu ya Kishambaa kumpima. Hakuijua. Bibi akarudi kwenye kusaga.

Alieleza amekuja kuchukua vipande vya miamba ya milima yetu ili vikapimwe umri. Bibi aliacha kusaga.

"Umri wa jiwe?"

"Ndiyo, bibi. Ndani ya jiwe kuna vitu vinavyobadilika polepole sana. Ukivipima unajua jiwe lina miaka mingapi."

"Nalo linajali?"

Wanawake wakacheka mpaka unga ukamwagika. Bwana Mawe alicheka pia, sitaki kumsingizia, alikuwa na moyo mzuri. Akaeleza. Zamani sana, kabla hakujawa na mti wala mnyama, dunia ilipatwa na baridi ambayo hatuwezi kuifikiria. Barafu ikafunika nchi na bahari, mahali pengine nene kuliko mlima. Barafu ile ilikuwa inatembea, inaburuta mawe tumboni mwake, na mawe yale yalikwaruza miamba iliyo chini. Wasomi wamekuta mikwaruzo hiyo katika nchi nyingine. Mwamba ukijulikana umri wake, basi itajulikana kama ulikuwepo barafu ilipopita. Na yeye, alisema, anatafuta mikwaruzo hiyo katika nchi yetu.

"Inatembea," bibi alisema. "Barafu. Ina miguu?"

"Inateleza, bibi. Kwa uzito wake."

"Haya."

Mimi nilikuwa nyuma ya mgomba na sikusikia hata nusu ya hayo, bibi alinihadithia baadaye, kwa sababu masikio yangu yalinasa kwenye neno mikwaruzo. Mnajua akili ya mtoto. Nilijiambia: wamejua. Kuna mtu ameniona, amekwenda kusema, na serikali imemtuma mtu na nyundo atafute aliyeongeza mfuo. Akatoa na kioo cha kukuzia! Akapanda kwenye uso wa mwamba, akapiga magoti, akaanza kuhesabu kwa kidole. "Moja, mbili, tatu..." Kila akitaja namba nilijibana zaidi nyuma ya mgomba. Alipofika kumi na moja akasimama. Akaona matope yangu. Akatoa leso, akaitemea mate, akafuta.

"Mungu wangu," alisema.

Nikajikojolea. Nasema wazi, nimeshakuwa mtu mzima.

"Mwenyekiti, njoo uone! Huu umekaa chini ya udongo. Udongo umeutunza! Hii mingine imeliwa na mvua, lakini huu ni mpya kana kwamba barafu imeondoka jana!"

Mwenyekiti akaja, akaona, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anaijua barafu tangu utoto wao.

"Barafu ndiyo imefanya hivi?" akauliza.

"Barafu! Tazama ilivyonyooka yote, inashuka upande mmoja. Mkono wa mtu hauwezi kunyoosha namna hii."

Mkono wa mtu hauwezi! Wanawake kumi wamenoa pale maisha yao yote, na mmoja yuko mbele yake na unga mpaka kwenye nyusi, na mtu hajamwuliza hata swali moja. Na wale wanawake nao, wa nyumba nyingine, wakanyamaza. Mgeni wa serikali hapingwi, na mifuo haikuwa yao. Bibi peke yake alifungua mdomo, Mwenyekiti akamwahi: "Mama, mwache mtaalamu amalize." Bibi akaufunga. Hilo lilinishangaza kuliko barafu.

Na mimi? Mimi nilifurahi. Nilimshukuru huyo barafu kama mwizi anavyomshukuru shahidi wa uongo. Barafu niliyoijua mimi ni ile ya kwenye majani ya viazi, nyembamba, inayokufa jua likitoka, nikaona kumbe ndiyo, ile iliyotuunguzia viazi haishindwi kukwaruza na jiwe. Ibebe na lawama yangu. Ina dhambi nyingi tayari.

Furaha yangu iliisha kabla sijabadilisha gauni. Bwana Mawe alisema kipande chenye mifuo lazima kikatwe, kipelekwe kwa wakubwa wake wakione kwa macho. Patasi haitoshi, mwamba ni mgumu. Atarudi kesho kutwa na baruti.

"Na mabakuli?" bibi aliuliza. "Tutasaga wapi?"

Bwana Mawe akatazama chini, akayaona mabakuli kwa mara ya kwanza, na wanawake wamepiga magoti ndani ya shida zao. Aliona haya. Akasema kwa taratibu, mwamba ukipasuka, huenda na chini pakapasuka, lakini hatawaacha hivihivi. Gari litakapokuja kuchukua jiwe litaleta pipa zima la dizeli kwa ajili ya mashine.

Hapo mngewaona! Vigelegele! Mwanamke mmoja akarusha jiwe lake la kusagia mgombani, akacheza. Na siwalaumu, viganja vyao vilikuwa vinatoka damu. Mwenyekiti akapiga makofi, akasema maendeleo yamefika, na huyo barafu apewe uraia. Bibi tu hakucheza. Walipoondoka wote alipanda kwenye uso wa mwamba, na miguu yake ile mibovu, akaweka kiganja ndani ya mfuo wake akakaa hivyo. Hakulia. Alikuwa kama mtu anayeshika paji la uso la mtoto kuona kama lina homa.

Ningeweza kunyamaza. Nimeshasema, mimi ni mtu wa kusema wazi: siku nzima nilinyamaza, na asubuhi yake nikanyamaza mpaka tukasaga nusu ungo. Halafu nikashindwa. Nikasema huku nimeangalia mahindi, "Bibi, ule wa matope ni wangu."

Hakuacha kusaga. "Tangu lini?"

"Tangu gunia la kwanza la yanga."

Akanifinya sikio kwa mkono wenye unga, mpaka nikaona nyota mchana. "Umejiozesha? Mume wako nani, yule beberu wa zizini?" Halafu akaniachia. Akatazama juu mwambani. "Wa mama yako ulikuwa na ubaya gani?"

"Si wangu."

Alitoa sauti puani, sijui kama alikuwa anacheka. "Haya. Mkono uliopaka matope ndio utakaoyafuta. Mimi nikisema wataniita bibi kizee anayeogopa mashine. Utasema mwenyewe."

Kesho kutwa ilifika. Bwana Mawe alikuja na boksi la baruti limebebwa na mwanamume mmoja kama anabeba mayai. Mwenyekiti alikuwa ameshapata habari za mfuo wangu, maana kijijini siri haina mlango. Akanivuta pembeni, nyuma ya zizi la mbuzi, akachuchumaa. Alikuwa mtu mwema, ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya, kazi ingekuwa rahisi.

"Sikia, mwanangu. Hili ni jiwe. Wewe umeona viganja vya mama zako?"

"Nimeviona."

"Pipa zima. Mpaka mvua zirudi watasagisha mashineni. Wewe unachotakiwa ni kunyamaza tu. Ukiulizwa, sema ni barafu. Na ukisema ni wewe, nani atakuoa? Watasema yule aliyejiingiza mwenyewe, hakungoja kuletwa. Watu hawasahau. Sema barafu, mwanangu. Neno moja."

Nilitazama viatu vyake vya matairi. Nilitaka kusema, wallahi. Neno lenyewe fupi. Lakini nilifikiria ule mfuo, jinsi nilivyoinama pale siku baada ya siku peke yangu, na sasa apewe huyo barafu ambaye hakuwahi kukata hata jani la mbuzi. Nikakasirika mpaka nikasahau woga.

"Sisemi barafu," nikamwambia. "Ni majembe ya wake wa hapa, na huu mmoja ni wangu."

Nikakimbia kabla hajanishika. Nikachukua mundu, nikapanda mwambani mbele ya watu wote, nikapiga magoti, nikanoa. Kushuka, kushuka, kushuka. Mundu ukakaa ndani ya mfuo kama mguu kwenye kiatu chake. Unga mweusi wa jiwe ukatoka, na ile harufu. Nikasikia wanawake nyuma yangu wanaguna: "Yee! Mtoto huyu!" Mmoja akasema, "Amejiposa!" Mwingine akasema maneno ambayo siandiki.

Bwana Mawe alipanda taratibu. Alichukua mundu mkononi mwangu, akautia yeye mwenyewe kwenye mfuo wangu. Ukaingia. Akautia kwenye mfuo wa mama. Ukaingia. Nyundo ilikuwa inaning'inia kiunoni mwake kama mkia.

"Mbona hamkuniambia?" akasema.

"Umeuliza?" bibi alimjibu kutoka chini. Naye akapanda, tukamshika mkono, akaanza kumwonyesha kwa fimbo. "Huu wa mama mkwe wangu, ameletwa mwaka wa kula mizizi ya migomba. Huu wa mke mwenzake, mwaka ule wa maboga. Huu wangu. Mwaka wa nzige."

Bwana Mawe alikuwa ametoa daftari. "Mwaka gani huo, bibi?"

"Si nimekwambia? Wa nzige! Tuliwakaanga."

"Namaanisha, tarehe..."

"Wewe unajua mwaka wa jiwe, hujui mwaka wa nzige? Shule gani hiyo?"

Aliandika. Sijui aliandika nini. Kisha akakaa kitako juu ya mwamba, suruali safi ile, akavua miwani. Alisema kwa sauti ndogo, kama anajisemea, kwamba barafu ni kweli ilikuwepo, hilo tusimcheke, na miamba yetu hii ni ya kale vya kutosha kuiona. Miezi mitatu ametembea, amekula yanga kila mahali, hajakuta mkwaruzo hata mmoja. Alipouona huu wa matope aliona amefika. Halafu akasema lile tulilokuwa tunalingoja: akiwa na shaka halipui. Hawezi kuvunja jiko la watu akawapelekee wakubwa wake jembe.

Mwenyekiti akaja mbio. "Mtaalamu, lakini ile mingine! Ile miwili ya mwisho kulia, hata mama hapa hajui ni ya nani!"

Ilikuwa kweli. Miwili ya mwisho ilikuwa imefifia, bibi aliikuta. Nilimwona Bwana Mawe anainua kichwa. Nyie, macho yale! Mbuzi akiona mlango wa bustani uko wazi hutazama vile. Akavaa miwani, akanigeukia mimi, si bibi, labda aliona mimi ndiye niliyemharibia na mimi ndiye wa kumponya. Akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Chini, wanawake walikuwa wamefumbata mikono, kila mmoja anafikiria pipa.

"Binti, wewe hukuwepo. Mama yako hakuwepo. Hii miwili tu. Huwezi kujua, sivyo? Sema tu huenda. Huenda ni barafu. Nitaandika huenda."

Nikamtazama bibi. Alikuwa anatazama mabakuli, hakunisaidia hata kwa ukope. Nikamrudia yule bwana, nikasema neno lililorudisha baruti garini na kutukosesha pipa:

"Sisemi barafu. Ni majembe ya wake wa hapa, na huu mmoja ni wangu."